Nguo za Mtoto wa Bwana Maji

Usimtamkie shangazi yangu neno "uchafu." Mwite mkali, mwite mbishi, mwite hata mchawi ukitaka, atacheka na kukupisha njia. Lakini uchafu? Huyu ni mwanamke aliyefua mashuka ya nusu ya mji kwa mikono yake, mpaka bondeni kwetu wakamwita Bibi Povu. Hata tambara la kushikia sufuria kwake hunukia sabuni.

Neno hilo alitupiwa na muuguzi mmoja, zamani, siku alipompoteza kitinda mimba wake. Mtoto alikuwa anaharisha. Majirani wakasema ni meno hayo, msimpe maji, mtamchochea tumbo. Basi akanyimwa maji, naye analamba midomo huku watu wazima wakisubiri tumbo litulie. Alipofikishwa zahanati macho yalikuwa yameshazama. Muuguzi alivua glavu akasema, "Ninyi wa bondeni mnaua watoto kwa uchafu wenu." Shangazi, mwanawe mapajani keshakata roho, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Koti hilo ulilovaa nimelifua mimi," alisema.

Nilikuwa mdogo, nimeshika pindo la gauni lake. Alilia miezi. Kilio kilipokwisha, hasira ilibaki, na hasira hiyo akaifanyia kazi. Alijifunza kuchanganya maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, na tangu hapo mama yeyote wa mtaani anayemnyima maji mtoto anayeharisha lazima atolewe uvivu na Bibi Povu, tena hadharani.

Sasa, mwaka huu bomba letu lilikauka. Usifikiri ni kiangazi; mvua ilikuwa inatunyeshea kila siku. Maji yalipelekwa juu kilimani, kwenye nyumba mpya zenye bustani, nasi tukabakiwa na kisima kilicho mteremkoni, chini ya vyoo vyetu wenyewe. Aliyeamuru koki ifungwe anajulikana. Ni mkuu wa idara ya maji, nasi humwita Bwana Maji. Shangazi alikwenda ofisini kwake akaambiwa asubiri. Akarudi, akaambiwa asubiri tena. Wakati anasubiri, mtaani tulizika watoto, kisha mjukuu wake mwenyewe akaanza kuharisha.

Tulimnywesha kijiko kwa kijiko, mkaa unateketea chini ya sufuria, akanusurika. Binti yake akamshukuru Mungu. Shangazi alikuwa bado amekunja uso.

"Leo amepona," alisema. "Kesho atakunywa nini?"

Kwa huyo huyo Bwana Maji, shangazi alikuwa anafua kila Jumatatu. Alifulia uani kwao, kwenye bomba lao, maana mke wa bwana hakupenda nguo zitoke nje ya geti. Mama huyo alikuwa amejifungua karibuni. Jumatatu iliyofuata shangazi alimwambia nguo za mtoto zina madoa sugu, anakwenda kuziloweka kwake. Mama wa watu, usingizi umemjaa, akakubali.

Shangazi akazifulia kwa maji ya kisima. Akazisuuza kwa maji hayo hayo, akazianika, akazipiga pasi ya moto, akazikunja kona kwa kona kama kawaida yake. Halafu akachukua chupa, akaijaza kisimani.

"Shangazi, utamwaga unga," nilimwambia.

"Unga bila maji nitausonga vipi, mwanangu?"

Nilimsindikiza, roho mkononi. Mke wa bwana alitupokea sebuleni, akainua kishati kimoja hadi puani, uso ukabadilika.

"Hizi zinanuka nini?"

"Kisima cha bondeni. Nimezifua kwa maji yetu."

Kishati kikaanguka sakafuni. "Maji ya vyooni? Nguo za kichanga? Unataka kuniulia mtoto?"

"Nimezipiga pasi vizuri, mama, hazitamdhuru. Mimi siui watoto. Wewe umenusa tu. Wa kwetu wanayanywa."

Bwana Maji alitoka chumba cha kulia, bado anatafuna. Shangazi akaiweka chupa mezani mbele yake. Tope lilikuwa limeanza kutuama chini.

"Kunywa funda moja, baba, nami nitaondoka."

"Bibi, mambo haya yana utaratibu wake."

"Kunywa."

Hakuigusa. Mke wake aliitazama chupa, akamtazama yeye, mtoto akilia chumba cha pili.

"Si uliniambia bondeni wana bomba lao?" aliuliza.

Bwana alimeza kilichokuwa mdomoni, akachukua simu, akatoka barazani, na tukamsikia anaamuru koki ya bondeni ifunguliwe leo hii. Shangazi hakubanduka hadi alipoyasikia maneno hayo kwa masikio yake.

Getini mke wa bwana alisema, macho chini, kwamba Jumatatu asije tena.

"Hata ungeniita nisingekuja, mama. Jumatatu namwogesha mjukuu."

Tulikuwa tumeshaanza kuteremka bwana alipotuita kutoka barazani. "Bibi, umesahau chupa yako."

Shangazi hakugeuka. "Itunze hapo hapo," alisema kwa sauti ya kusikika nyumba zote za kilimani. "Mkifunga tena, nitakuja uimalize."