Koti la Madoadoa

Kila ninapopiga pasi nguo nzito ambayo haijakauka vizuri, mvuke ukinipanda puani, narudi mtaa wa Migosi, katika nyumba yetu ya kupanga ya vyumba viwili, na mama ameinama mezani akinyoosha magwanda yake ya jeshi. Likizo zake zote ziliisha hivyo, kwa harufu ya pasi na rangi ya viatu, nami nimenuna nikijifanya nasoma.

Mama alikuwa koplo, lakini ungepishana naye mtaani usijue. Alikuja nyumbani amevaa rinda la maua, magwanda ameyakunja chini kabisa ya begi, na alirudi kambini vivyo hivyo. Aliyavaa ndani tu, mlango umefungwa, kuhakikisha yamekaa sawa. Hapo nilisahau kununa. Suruali iliingia ndani ya buti. Vifungo vyote vilifungwa. Mikono ya koti aliikunja kwa upana mmoja, akipima kwa vidole vinne, na jina letu lilisomeka kifuani juu ya madoa ya kijani na kahawia. Kisha alivua yote, akawa tena mama wa kupika kuon, ule ugali wetu wa kahawia.

Shuleni hakuna aliyeniamini. "Mwanajeshi gani anavaa rinda?" aliniuliza Lavenda, rafiki yangu wa darasani, mbele ya watu. Nilikuwa na miaka tisa, na swali hilo liliniuma kuliko kiboko.

Basi Jumamosi moja mama alipoingia kuoga, nilichukua koti na kofia. Koti lilinifika magotini. Nilikunja mikono kwa vidole vinne, vyangu vidogo, nikatoka kwenda kwa kina Lavenda, kifua mbele, nadhani nikifanana na hema linalotembea.

Sikufika. Njiani palikuwa na geti la mbao la Mama Omondi, jirani yetu aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, uani. Mwanawe Omondi alikuwa jeshini pia, amepelekwa ng'ambo ya mpaka, na alikuwa hajapiga simu kwa muda mrefu. Hayo niliyajua, lakini niliyajua kama mtoto anavyojua mambo ya watu wazima. Nilitaka tu anisifu. Nikagonga geti na kuita kwa sauti nzito ya kujilazimisha, "Hodi! Jeshi hapa!"

Kupitia nafasi za mbao niliona akigeuka. Yeye naye, nafikiri, aliona vipande vya madoadoa tu.

"Omondi! Uuuwi, nyathina! Mtoto wangu!"

Akaanguka juu ya omena wake. Majirani wakatoka mbio. Nilibaki pale pale nikishikilia geti, sijui nifungue au nikimbie, mpaka mama alipotokea na leso kifuani, sabuni ingali masikioni. Alinivua koti kwa mkupuo mmoja, akalikunja ndani nje, akaingia uani, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama Omondi, niangalie. Hakuna askari aliyekuja na habari ya msiba. Ni Apondi wangu, amecheza na nguo. Unanisikia? Ni mtoto tu."

Alirudia maneno hayo mara nyingi sana. Hatimaye Mama Omondi alinivuta, akanishika uso kwa mikono inayonuka samaki. "Ni wewe tu?" akauliza. "Kweli ni wewe tu?" Akacheka, kisha akalia upya, nami nikalia naye.

Nyumbani nilingoja kiboko, hakikuja. Mama aliuliza tu, "Unajua kwa nini sivai hii nguo nikija huku?"

"Raia wakikutwa nayo watashikwa," nilijibu, maana hilo ndilo nililolisikia.

"Hiyo ni sababu ya raia. Mimi nauliza yangu." Lakini hakuniambia. Alipuliza vumbi la ua wa Mama Omondi kwenye kola, akawasha pasi.

Wiki iliyofuata Omondi alipiga simu, mzima, akilalamika kuhusu joto. Mtaa mzima ulimsikia mama yake akimgombeza.

Miaka mitatu baadaye mama naye alipelekwa ng'ambo, nami nikaachwa Ahero kwa bibi yangu, Dani. Maji ya mvua ya mwaka huo yalifunika mashamba ya mpunga, yakaingia mpaka sebuleni. Asubuhi moja tukiwa tumekaa juu ya meza, niliona wanajeshi wawili wakija ndani ya maji, wamelowa mpaka kiunoni. Nyuma yao kulikuwa na mashua, na ndani yake wazee wa jirani wamejifunika blanketi. Niliiona mashua. Nilijua wamekuja kutuokoa. Hata hivyo nilijikunyata nyuma ya Dani, naye akanifunga shuka akidhani ni baridi.

Mmoja wao, kijana mwenye uso wa uchovu, alinibeba mgongoni. Shavu langu lililala juu ya koti lake bichi. Tulipofika kwenye mashua alitoa daftari.

"Jina lako nani, msichana?"

"Apondi."

"Apondi wa nani? Mama anaitwa nani?"

Dani alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Yule kijana alisubiri, kalamu mkononi. Niliufunga mdomo wangu kabisa, kwa sababu alikuwa mwanajeshi, na huenda alimjua mama, na ningelitaja lile jina ningelazimika kumtazama usoni nione kama ana habari.