Jiwe Alilolichagua Mama Cleopa

Habari za kwanza kufika Kilosa zilisema Mama Cleopa amesinzia kwenye usukani. Za pili zikasema amekufa. Zote mbili zilikuwa uongo, lakini zile za kwanza ndizo zilizomuuma zaidi.

Jina lake la ubatizo ni Yusta, mzaliwa wa milima ya Ukaguru, mwanamke mwembamba mwenye viganja vikubwa, ambaye sitini ameshaiacha nyuma. Ujanani aliajiriwa kufagia na kuchemsha vyombo kwenye zahanati ya misheni huko juu. Dereva wa zahanati, mzee Tomasi, alilazwa na homa wakati ule ule uchungu ulipomkamata vibaya mama mmoja, na Yusta ndiye aliyeuchukua ufunguo ukutani. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuwa amejifunza kwa kuitazama miguu ya Tomasi kila alipopanda naye. Walifika hospitalini gari limechubuka ubavu mzima, mama na mtoto wazima. Wakubwa wa misheni walimkaripia asubuhi, jioni wakampa kazi. Wanaume wa kijiji wakahamia kwa mumewe, Danieli, wakamcheka kwamba anaendeshwa na mke.

"Ninyi mnatembea," Danieli aliwajibu. "Mimi napelekwa."

Zahanati ilipoletewa gari jipya, lile la zamani, Land Rover 109 ya kijani yenye springi za bapa na mlango wa nyuma unaofungwa kwa mnyororo, lilikuwa linaozea kwenye majani. Yusta alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Danieli alipofariki, majirani walidhani ataliuza arudi shambani kama wajane wengine. Yeye akaanza kushusha maharage, ndizi na watu hadi Kilosa, akirudi anapandisha sukari, saruji na wagonjwa waliopona. Wakati mwingine alipandisha na ambao hawakupona, na hao hakuwatoza nauli.

Ajali yenyewe ilitokea kwenye ile kona nyembamba, mlima kushoto, korongo kulia. Alikuwa anateremka na magunia ya maharage na abiria juu yake. Lori la mbao likatokea chini likipanda kwa kasi katikati ya barabara, dereva wake simu sikioni. Kulia palikuwa na korongo. Mbele palikuwa na lori. Kushoto palikuwa na jiwe kubwa limetokeza kwenye ukingo wa mlima. Yusta alikata usukani kushoto.

Lori lilipita, wala halikusimama. Abiria walitoka wakiwa na michubuko, mmoja jino limeng'oka. Yusta mwenyewe alivunjika mtulinga. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala chini ya gari kama mguu wa kuku aliyechinjwa.

Mwanawe Cleopa, mjenzi wa nyumba huko Morogoro, alifika hospitalini amevaa buti zenye saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?"

Cleopa aliangalia pembeni. Picha ya gari ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi la ukoo, na kila mjomba alikuwa ameshatoa hukumu. Mama amechoka. Macho hayaoni. Usingizi ulimpitia.

"Mama, watu wanasema uligonga jiwe mchana kweupe."

"Sikugonga jiwe," Yusta alisema. "Nililichagua."

Gari lilikuwa limeburutwa hadi Chanzuru, kwenye gereji ya fundi Mwinshehe, mwenyeji wa bondeni, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma iliyolowa grisi, ambaye huimba akifungua nati na hunyamaza akishindwa. Siku Yusta alipotoka hospitali, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga, hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda moja kwa moja hadi Chanzuru.

Alikuta wageni. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekuja na mtungi wa gesi ya kukatia chuma na vijana wawili, na Cleopa alikuwa amesimama kando yao. Mwinshehe alikuwa amekaa kwenye tairi, amenyamaza.

Yusta hakumsalimu mtu. Alizunguka hadi mlango wa dereva, akaufungua kwa mkono mzima, akapanda, akaketi, akaubamiza. Gari lilikuwa limeinama kushoto, kwa hiyo na yeye aliinama.

"Haya, kateni," alisema kupitia dirishani. "Anzieni hapa nilipokaa."

Kijana mwenye gesi akamtazama bosi wake. Bosi akamtazama Cleopa.

"Mama, shuka. Unaniaibisha."

"Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, sikukuaibisha. Leo kukaa kwenye gari langu ndiyo aibu?"

"Nilipigiwa simu!" Cleopa alipaza sauti, na sauti yenyewe ikamkatikia katikati. "Niko juu ya ukuta, nimeshika tofali, naambiwa mama yako amekufa. Unajua nilishukaje? Sijui hata mimi. Sitaki kupigiwa simu ile mara ya pili."

Yusta aliutazama uso wa mwanawe, akaona hajanyoa tangu ajali. Moyo ulimwenda kwake. Lakini mkono haukwenda kwenye kitasa.

"Pole, baba," alisema kwa upole. "Pole sana. Lakini simu ile ilikuwa ya uongo, nawe unataka kuifanya ya kweli. Ukinikatia hili gari, nitakufa nimekaa kwenye mkeka, nasubiri uniletee sukari. Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi. Waambie hawa waende."

Mnunuzi wa vyuma hakusubiri kuambiwa. Alisema ana kazi nyingine Kimamba, akapakia mtungi wake. Cleopa naye aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Basi wakabaki Yusta na Mwinshehe. Fundi alilitia gari jeki, wakalala chali wote wawili kwenye gunia, yeye upande huu, mama wa watu upande ule, kuangalia hasara. Ekseli ya mbele, ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu mawili, ilikuwa imepinda upande wa kushoto kama kiwiko. Springi ya upande huo, yale mabapa yaliyopangana, ilikuwa imekatika bapa lake kuu. Fimbo ya usukani ilikuwa upinde wa kuwindia.

"Inanyooka," Mwinshehe alisema. "Naipasha moto, napiga nyundo, narudisha."

"Hapana."

"Mama Cleopa, magari yote ya huku yananyooshwa hivyo."

"Na yote yanapinda tena palepale. Likipinda safari ijayo huenda nimebeba mjamzito. Nataka ekseli ambayo haijawahi kupigwa."

"Ya gari la zamani hivi? Utaitoa wapi?"

"Kama ipo chini ya jua, nitaitoa."

Ilikuwepo Mikumi. Yusta alisikia habari zake kwa dereva wa lori la vitunguu, akapanda lori hilohilo. Nyuma ya maduka ya barabara kuu, mtu mmoja aitwaye Optatus alikuwa na uwanja wa magari yaliyokufa: mabasi yaliyoungua, magari ya watalii yaliyopigana na nyati, na kwenye kona, chini ya mti wa miiba, mzoga wa 109. Bodi lilikuwa limebondeka nyuma. Mbele palikuwa pazima.

Optatus alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, na hakusimama kwenye kiti chake.

"Shikamoo, bibi. Mwambie dereva wako aje tuongee."

"Marahaba. Dereva ni mimi."

Optatus alicheka, akawageukia wenzake ili wacheke pamoja. "Bibi, ile ni mashine ya wanaume. Utaifunga kwenye toroli?"

Yusta alivua kanga iliyoshika mkono wake, akaikunja akaiweka begani. Mkono ulishuka polepole. Uliuma mpaka macho yakamlegea, lakini hakukunja uso. Alitembea hadi kwenye mzoga ule, akapiga magoti, akajilaza, akaingia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama vya kutosha. Alipapasa ekseli kutoka gurudumu hadi gurudumu, akatafuta pa kuchomelea, akatafuta ufa, hakupata. Alitoka nywele zimejaa miiba na majani.

"Naitaka na springi zake zote mbili," alisema. "Kama huniuzii kwa kuwa ni bibi, sema sasa hivi hapa mbele ya wenzako, nijue nimwambie nani barabarani kwamba Optatus hauzi spea, anauza jinsia."

Wenzake ndio waliocheka safari hii. Walipatana bei, na ni Optatus mwenyewe aliyeikaza ekseli kwa kamba juu ya lori la kurudi Kilosa. Miwani alikuwa ameivua.

Kuifunga kulikwenda vizuri. Mwinshehe aliimba. Beringi mpya, mafuta mapya, fimbo ya usukani mpya. Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, lilisimama wima kama zamani, na majirani wakaja kulishika. Yusta alipanda, akaliwasha, akalipeleka barabara ya Kimamba. Alirudi baada ya muda mfupi uso umefungana.

"Linavuta kushoto."

"Ni barabara hiyo, imelala," alisema Mwinshehe.

"Nimeachia usukani kwenda na kurudi. Linavuta kushoto kotekote."

"Basi ni tairi."

"Tairi nimebadilisha upande. Bado. Fungua tena, fundi."

Mwinshehe alivua kofia yake akaitupa chini. "Mimi hili gari nimelimaliza! Nimekufungia ekseli nzima, sasa unataka nini? Gari la zamani linavuta, hata mimi mgongo unavuta! Shika usukani kwa nguvu uende zako." Akaingia ndani kunywa chai.

Yusta alilitia gari jeki mwenyewe, akaokota spana. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu bado, kwa hiyo alisukuma kwa kulia na kukandamiza kwa mguu. Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ikakataa. Akaikalia spana yenyewe kwa uzito wake wote, ikalia, ikakubali. Alikuwa ameingia chini ya gari kuanza ya tatu aliposikia kelele.

"Mama weee! Jeki umeiweka wapi? Unataka likulalie?" Mwinshehe alikuwa anakuja mbio na kikombe mkononi. Alimvuta mguu kutoka chini ya gari, akaishusha jeki na kuipanga upya, bado anafoka. "Wewe ni mwanamke gani? Ukifia hapa kwangu nitamwambia nini yule mwanao?"

"Mwambie nilikuwa nafungua nati uliyokataa kufungua."

Fundi alifoka mpaka akachoka. Kisha akaagiza kamba ya katani.

Walinyoosha kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia, wakatia fundo. Wakaenda nayo kushoto. Fundo lilipitiliza kwa vidole viwili. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi. Ekseli ilikuwa haina kosa hata kidogo. Ni kile kishikio cha fremu kinachobeba ncha ya springi ndicho kilichorudishwa nyuma na lile jiwe, kikabaki hapo kimya, kimepakwa matope, hakuna aliyekitazama.

Mwinshehe akasema, "Haya." Akaenda kuokota kofia yake. Walikata kishikio kile, wakakipima kwa kamba mara nyingi kuliko mshonaji anavyopima suti ya bwana harusi, wakakichomelea mahali pake na bamba la chuma nyuma yake. Safari hii Mwinshehe ndiye aliyeketi pembeni ya dereva wakaenda Kimamba. Yusta aliachia usukani, akaweka mikono yote miwili kichwani. Gari likaenda mbele, likanyooka, likaendelea kunyooka. Fundi alianza kuimba, kisha akamwomba kwa adabu aushike usukani kwa kuwa kuna ng'ombe mbele.

Lakini kutengeneza gari ni jambo moja, na kutengeneza midomo ya watu ni jingine. Asubuhi aliyorudi kazini, abiria wa milimani walikuwa wamejaa Kilosa na vifurushi vyao. Walimsalimu wote, shikamoo mama, pole mama, hongera mama. Hakupanda hata mmoja. Mmoja alisema anamsubiri shemeji. Mwingine alisema atapanda kesho Mungu akipenda. Walikuwa wanamwangalia begani, pale palipovunjika.

Yusta alikaa kwenye usukani, injini inanguruma, gari tupu. Alipiga honi mara moja. Hakuna aliyesogea. Basi akatia gia.

"Mama! Subiri!"

Alikuwa Cleopa, anakuja kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya umeme, amevaa shati jeupe na viatu vya kanisani, begi dogo mkononi. Alikuwa amekuja na hotuba. Ilionekana usoni mwake. Aliwatazama abiria waliosimama, akalitazama gari tupu, akamtazama mama yake. Akazunguka hadi mlango wa abiria, akapanda.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hukuja kunishusha?"

"Sijui bado," alisema Cleopa. "Twende kwanza."

Walipita kwenye ile kona bila kusimama. Jiwe lilikuwa na rangi ya kijani ubavuni. Cleopa alilitazama, kisha akageuka akalitazama korongo lililokuwa upande wake wa kushoto, wakipanda. Aliinua shingo kuona chini linakoishia. Hakupaona. Alipofungua mdomo, hotuba yote ilikuwa imebaki sentensi moja.

"Angalau mvua zikianza, mama, utapumzika?"

"Mvua zikianza ndipo watu wanapougua."

"Na ukichoka?"

"Nikichoka nitasema mwenyewe. Sitasemewa kwenye kundi la ukoo."

Juu zaidi, barabara ilikuwa imekatwa na maji ya jana, matope mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Yusta alisimamisha gari, akauvuta mkono mdogo wa gia, ule unaoyapa nguvu magurudumu yote manne, akamwelekeza mwanawe mlango kwa kidevu.

"Shuka ukafunge zile loki za katikati ya magurudumu ya mbele. Zungusha mpaka zigome."

Cleopa alivitazama viatu vyake. Alimtazama mama yake, akaona hana mpango wa kurudia. Akakunja suruali, akashuka. Matope yalimfika kwenye vifundo. Alifunga ya kulia, akazunguka mbele ya gari ameshika boneti, akafunga ya kushoto, akainua kidole gumba juu.

Yusta hakumsubiri apande. Aliliingiza gari kwenye matope, magurudumu ya mbele yakang'ata, na Cleopa akabaki nyuma yake, akavua viatu, akavishika mkononi, akafuata nyayo za tairi kwenda kumkuta ng'ambo.