Ufagio wa Mashineni

Kule Mbuba, ukisema kusaga umemtaja Ildefonsa. Iwe arusi, uwe msiba, wanawake walimletea mtama na muhogo mkavu, naye akapiga magoti mbele ya jiwe lake, akasaga mpaka jasho likamtiririka. Unga aliogawiwa ndio uliolisha wanawe. Basi kijiji cha ujamaa kikaletewa mashine ya kusaga ya dizeli. Watu wakapiga vigelegele, na jiwe la Ildefonsa likakosa wageni.

Hakulia. Alikwenda kwa mwenyekiti Ntirampeba, akamwambia, "Kusaga ni kazi yangu. Nifundisheni mashine."

Wazee wa kamati wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mashine ya mwanamke? Kwani dizeli inajua nani ana ndevu! Wakampa Celestini mashine, Ildefonsa wakampa ufagio. Alikasirika, tena sana, lakini akaupokea, akawa anafagia macho yakiwa kwenye injini. Celestini akimwona anachungulia humfukuza: "Mama, ondoka, itakukata mkono!" Lile jiwe lake Ildefonsa akaliweka uani, kuku wakapata pa kunywea maji.

Vita vya Kagera vilipozuka, Celestini akaondoka na mgambo. Mashine ikafungwa, watoto wakala mtama wa kuchemsha mpaka wakaukinai. Mwenyekiti akaja kwa Ildefonsa, safari hii bila kicheko.

"Mama, turudie lile jiwe lako."

"Jiwe lina wenyewe, mwenyekiti. Waulize kuku. Mimi nipe hendeli."

"Utaweza?"

"Nisipoweza mtacheka. Mmeshazoea."

Hendeli ya kuwashia injini ilimrudi, ikampiga mkono, ukavimba. Akazungusha tena. Injini ikakohoa, ikaitika, na wanawake wakakimbilia vikapu vyao. Tangu siku hiyo ufunguo wa mashineni ulining'inia shingoni mwake.

Vita vikaisha, Celestini akarudi salama. Mwenyekiti akamleta mashineni na maneno matamu: sasa mama apumzike, mwenye kazi amerudi. Ildefonsa hakuzima injini.

"Shikamoo, mama!" Celestini akapaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Mungu ashukuriwe umerudi." Alisema kwa moyo wake wote. Kisha akaonyesha nyuma ya mlango. "Ufagio ule pale. Ukiwa unafagia, chungulia injini utakavyo. Mimi sitakufukuza."