Siku Kobe Walipoingilia Posa ya Zaituni

Naomba mcheke yote leo mmalize, halafu msinirudishie tena habari hii kwenye vikao, maana mimi Mama Asha mnayeniona hivi, mfanyakazi wa serikali, mtu mzima na akili zangu, niliwahi kumfanya mzee wa watu asukutue mdomo kwa maji ya kobe, tena mzee mwenyewe alikuwa amekuja nyumbani kwangu kumposa mdogo wangu.

Kobe wenyewe hata sikuwataka. Nilichokuwa nakitaka ni friji. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeshafunguliwa, wazungu wa miradi wanakuja na kuondoka, na kila anayeondoka anauza vyombo vyake kwa bei ya kutupa, kwa hiyo mtaalamu mmoja niliyekuwa nampigia chapa ripoti zake alipotangaza kwamba anarudi kwao, mimi nikaanza kumchekea kuanzia getini (mume wangu alisema nimezidisha, na kweli nilizidisha). Siku ya mwisho akaniita kwake, nikaenda na mkokoteni wa kukodi kabisa, kumbe friji ilishachukuliwa na dereva wake! Mimi nikakabidhiwa tangi la kioo lenye kobe wawili wa majini, ukubwa wa visosi, aliowaokota bwawani, akaniambia machozi yakimlengalenga, “Mama Asha, wewe una roho nzuri.” Sasa mtu akishakwambia hivyo, unamrudishiaje kobe wake?

Sijui kama kuna kati yenu aliyewahi kufuga hao wadudu. Kobe wa nchi kavu hana neno, unamtupia majani anajiendea zake, lakini huyu wa majini anataka maji, na si maji tu, maji safi, na papo hapo anakula humo humo na kunya humo humo, siku mbili tu tangi limekuwa la kijani na sebule nzima inanuka. Hapa Dodoma! Area D bomba lilikuwa linatoa hewa wiki nzima, binadamu tunaoga kopo moja moja, halafu mimi natoka kazini nabeba ndoo kuwabadilishia kobe. Mara wanataka jiwe la kupanda waote jua, mara wanataka dagaa, mara minyoo, mara maganda ya mayai yaliyotwangwa ili magamba yao yasilainike (huo unga mweupe nilikuwa nauweka kwenye kichupa). Na kwa kuwa mmoja alikuwa mlafi, anampokonya mwenzake, nilimpaka alama mgongoni kwa rangi nyekundu ya kucha ya Zaituni ili nijue nani keshakula. Ukiwashika vibaya ndiyo usiseme, wanatoa majimaji yananuka mzoga, mkono unaunusa mpaka kesho yake. Nilikuwa nimechoka nao kupita kiasi, lakini kila nikitaka kuwarudisha bwawani nasema Jumamosi, na Jumamosi ikifika nina nguo za kufua.

Sasa Zaituni ni kitinda mimba wetu, wazazi wote wawili walishatangulia mbele ya haki, na tangu akiwa na meno manne nimemlea mimi, mgongoni kwangu. Akapata mchumba, mwalimu, kijana wa Kondoa. Sisi tunamtaka, Zaituni ndiyo kabisa, hali wala halali. Tukaambiwa wakwe ni watu wa dini hasa, wanaiangalia sana nyumba anakotoka binti. Baba mdogo akaja kutoka Kibaigwa kupokea posa kwa niaba ya marehemu kaka yake, na baba mdogo ni dalali wa mahindi, amezoea kuongea na watu walio juu ya malori, hana sauti ya ndani ya nyumba. Hata shikamoo yangu hakuijibu, akasimama mlangoni ananusa.

“Mama Asha, humu kumekufa nini?”

“Ni kobe, baba.”

“Kobe! Sebuleni! Siku ya posa? Toa hao wanyama wako haraka, wageni wako barabarani!”

Ningewaweka uani yakaisha, lakini uani kumejaa watoto wa majirani wanaonusia pilau, nikajua watawachezea na kupiga kelele, na nje nimeshasikia hodi. Nikawashika wawili mmoja huku mmoja huku, nikawatumbukiza bafuni kwenye pipa la maji ya kumwagia choo, nikanawa, nikapiga ushungi, nikakimbilia jikoni. Sikumwambia mtu yeyote. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Wageni walikuwa wawili, baba mkubwa wa kijana, mzee mwembamba mwenye kanzu nyeupe pe, na mshenga wake. Mambo yalikwenda vizuri mno, mimi nasikiliza kwa dirisha la jikoni nikimfinya Zaituni kwa furaha, mahari imeelewana, baba mdogo ameishusha sauti mpaka nikamshangaa. Ikaadhiniwa alasiri. Mzee akaomba maji ya udhu. Ndoo ya wageni nilikuwa nayo mimi, nimeifunika kwa sinia, imekaa tayari kwa kazi hiyo hiyo. Lakini mume wangu, Mungu amsamehe, akaona hapa ndipo pa kumwonyesha mkwe kwamba nyumba hii maji si shida.

“Pita bafuni tu, mzee wangu. Pipa limejaa pomoni, jisikie uko kwako.”

Nilipotoka na ndoo yangu mzee alishachota kopo la kwanza, ameshanawa viganja, ameshasukutua. Nikamsikia anatema, anatema tena, halafu anachota kopo la pili aone vizuri.

“Lahaula!”

Kopo likagonga sakafu. Tukajazana mlangoni wote, na katikati ya bafu kuna kobe kalala chali anapiga miguu, ametoa ile harufu yake yote, na kanzu imelowa kuanzia kifuani.

Ningenyamaza jamani! Mimi nikaanza kueleza.

“Samahani baba, hao ni wa mzungu.”

“Mzungu gani?”

“Keshaondoka.”

Mzee akamgeuza kobe kwa ncha ya kandambili ya bafuni. “Na hii nyekundu mgongoni?”

“Rangi ya kucha ya Zaituni.”

Nikaona mshenga amemtazama mzee. Mimi bado sijaelewa, nikafikiri wanataka ushahidi kwamba wanyama wanatunzwa vizuri, nikakimbia nikarudi na kichupa cha unga mweupe, nikakiinua. “Mnaona? Nawapa na hii, kila siku!”

Mume wangu ndiye aliyenishusha mkono. Ndipo likanigonga kichwani: kobe wa siri ndani ya maji ya mgeni, amepakwa nyekundu kwa kitu cha bibi harusi, na mwenye nyumba anashika kichupa cha unga kama mganga. Hata mimi ningekimbia.

“Sisi,” mzee akasema taratibu, “tulikuja kuomba mke. Hatukuja kutengenezwa.” Hawakuswali kwangu, hawakuonja pilau, wakavaa viatu wakaenda zao. Zaituni alijifungia chumbani, na nilipogonga akanijibu neno moja tu, “Dada,” basi, na sauti ile ilinikata maini kuliko kama angenitukana.

Kobe niliwarudisha bwawani asubuhi yake, na kazini nikasema naumwa. Baba mdogo alisafiri Kondoa mara kadhaa kubembeleza kama anavyobembeleza bei ya gunia, mwisho wakakubali kwa sharti: posa ipokelewe Kibaigwa, wapike watu wengine, na Mama Asha asiwepo. Akakubali. Angefanyaje?

Zaituni aliolewa, na mumewe ananipa heshima zote. Ila siku ile ya posa ya Kibaigwa, mimi niliyembeba mgongoni nilibaki Area D peke yangu, nimevaa khanga mpya ya shughuli, nimekaa kwenye kochi sina wa kumpigia kigelegele, nikalia, sifichi. Tangu hapo kitu chochote kikitaka kuingia nyumbani kwangu najiuliza kwanza kama nitaweza kumweleza mkwe akaelewa kabla hajavaa viatu. Kama siwezi, kibaki huko huko nje.