Upepo wa Tangi

Leo asubuhi niliondoka bila mpango, begi moja mgongoni, na jioni nikashuka kwenye mji nisioujua. Langoni kwa nyumba ya wageni nilisikia mota ya kisima ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, kisha ikanyamaza. Maji yakamwagwa uani, yakinuka kutu.

Nyumba ya bibi, mtaa wa Gerezani, ilikuwa na kisima cha namna hiyo, chenye tangi la chuma ambalo upepo uliobanwa ndani yake ndio husukuma maji hadi bombani. Upepo wa tangi ukipungua, mota ilihangaika vilevile, na kama ingeungua wapangaji wote wangekosa maji. Bibi alikuwa akizima umeme na kumwaga maji ya tangi, kisha mimi nikijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Ilikuwa kazi yangu kwa sababu yeye alikuwa na pumu.

"Usiende mbali, mjukuu wangu. Maji yakiisha nakuita," bibi aliniambia siku moja.

Nyuma ya nyumba fundi alikuwa anachomelea geti. Nikaenda kutazama cheche, na kutoka hapo nikaenda kwingine.

Niliporudi, mpangaji mmoja alicheka. "Mtalii karudi!"

Bibi alikuwa amekaa chini kando ya tangi, mkono kifuani, pampu mapajani, akihema kwa sauti.

"Maji yapo," alisema alipopata pumzi. "Nenda kaoge."

Nilioga. Maji yalitoka kwa nguvu.

Mwenye nyumba hii ya wageni ni mama mtu mzima. Nilimkuta ameinamia tangi, ameshika pampu ya baiskeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba kipo, ila maji subiri kidogo."

Nikaipokea pampu kabla hata sijakiona chumba.