Kinga Iliyozimwa Kwa Sababu Inasumbua

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la kuprinti hapa Mtwara mjini. Mbele yangu alisimama mwalimu kutoka Kitaya, amekuja kuchapa mtihani wa darasa la saba. Mwenye duka alichomeka flashi ya mwalimu kwenye kompyuta, na punde mafaili yote yakageuka majina yasiyosomeka.

"Kaka, mbona hivi? Jana yalifunguka kwenye laptopu ya kuazima."

"Virusi tu hivyo, madam. Kompyuta ina kinga yake ya ndani, ngoja niiwashe."

"Uiwashe? Kwani ilizimwa?"

"Inasumbua. Kila programu ya bure nikiiweka, inaifuta."

Kinga ilifanya kazi yake. Ikavikamata virusi, ikavifuta, ikaandika kwamba kompyuta ni salama. Mwenye duka akagonga skrini kwa kidole, anatabasamu. "Umeona?"

Mwalimu akatazama flashi. Majina yalikuwa bado hayasomeki. "Na mtihani wangu?"

"Hii inaondoa virusi, madam. Faili likishaharibiwa, hailirudishi."

Kumbe anajua! Anajua kinga hiyo hairudishi kilichopotea, na bado anaizima ili aweke hizo programu za bure, yaani za wizi, kisha anapokea flashi za watu siku nzima bila kuwaambia.

Mwalimu hakugombana naye. Aliniomba kalamu, akaketi kwenye benchi, akafungua daftari lenye rasimu ya maswali, akaanza kuyaandika upya kwa mkono.

"Watoto wanaufanya kesho," alisema.

Mwenye duka akaniita: "Anayefuata!" Nilirudisha flashi yangu mfukoni, nikakaa kumsomea mwalimu hesabu zake kutoka daftarini.