Simu haikumuua Simiyu: mimi nilipigwa na radi pamoja naye, nisikilizeni

Wakuu, poleni na kazi za leo. Hii ninaandika ni kitu ilinipata mimi mwenyewe kwa ngozi yangu, sikuambiwa na mtu. Nikiongeza chumvi hata kidogo, hili sikio langu moja lililobaki nalo lizibe.

Mimi ni Baba Njeri, mzee wa makamo, mkaaji wa Matisi, Kitale. Shule niliachia darasa la sita. Lakini habari za sayansi na vifaa vipya, hapo huniambii kitu bana.

Jioni nikishanawa miguu nakaa mlangoni na simu yangu iliyopasuka kioo, nasoma. Leo ni gari linatembea Mars likipiga picha mawe. Kesho ni simu inayokunjwa kama chapati. Kesho kutwa ni saa ya mkono inakuambia moyo wako umechoka, kana kwamba wewe mwenyewe hukujua.

Sitanunua hata kimoja. Lakini kuota hakujakatazwa.

Sasa kuna moja ilinishika. Nilisoma kwamba wataalamu walipanda na mashine ya laser juu ya mlima huko Uswisi, wakatuma mwali kuelekea mawinguni, na radi ikaufuata ule mwali kama ng'ombe anayefuata kamba.

Kama ng'ombe, wakuu. Radi!

Niliweka simu kwa goti nikaangalia upande wa mlima Elgon. Mawingu yalikuwa yanawaka ndani kwa ndani, bila sauti, vile mtu hutembea na taa ndani ya nyumba yenye mapazia. Nikakumbuka pia kwamba kuna setilaiti kazi yake ni kuangalia radi kutoka juu. Nikajaribu kufikiria vile sisi tunaonekana huko. Mvua yetu yote, kelele yetu yote, ni vimwanga tu vinapepesa kwa giza kisha vinanyamaza.

Labda hata siku yangu ilionekana hivyo. Kimwanga kimoja. Kwisha.

Maana mimi radi naijua. Ilinipiga.

Mniwie radhi, nitataja majina. Nimenyamaza vya kutosha.

Tulikuwa vibarua kwa shamba la mahindi nje ya Kitale. Nyapara wetu alikuwa Barasa. Rafiki yangu alikuwa Simiyu, mtu wa Bungoma, na Barasa alikuwa mjomba wake, ndugu ya mamake. Siku hiyo tulikuwa tunaweka mbolea ya pili, mahindi yamefika kiunoni.

(Hapa kidogo. Mnajua radi yenyewe hutengeneza mbolea? Inachoma hewa, mvua inaiteremsha. Ndio maana kukinyesha na ngurumo shamba huamka kijani mpaka unashangaa.  Kitu kilichomchukua Simiyu kinalisha mahindi.)

Mawingu yakaja meusi kutoka mlimani, mazuri ajabu. Nikatoa simu nikayapiga picha, Simiyu akichungulia kwa bega langu. Matone yakaanza. Watu wote wakakimbia stoo. Sisi tukafika wa mwisho, tukamkuta Barasa amesimama mlangoni.

"Wewe Baba Njeri, zima hiyo kitu. Unataka kutuitia radi?"

Mnajua vile kwetu huwa. Mvua ikianza kioo kinafunikwa, sufuria zinaingizwa, mwenye nguo nyekundu anafukuzwa, na simu zote zinazimwa. Sikubishana. Nikazima, nikamwonyesha.

"Nimezima."

"Hata ikizimwa si iko na betri?"

Simiyu akacheka. "Mjomba, hata wewe uko na betri. Tuingie bana, tunalowa."

"Mtaingia ikipita. Kaeni nayo huko."

Akavuta mlango. Tukasikia komeo likiingia.

Tukakimbilia mikaratusi ya kwa ua. Hapo ndipo palikuwa na nafuu ya mvua. Simiyu akasimama ameegemea shina, mimi pembeni yake.

Baada ya hapo wakuu hakuna hadithi, kuna rangi tu. Nyeupe. Kama mtu ameingizwa ndani ya gunia la unga. Hakuna kishindo, hakuna uchungu, hakuna mimi.

Niliamka hospitalini. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na begani kulikuwa na michoro kama majani ya msituni, ikafutika yenyewe. Simu ilikuwa mfukoni, kioo kimepasuka, na ilipowashwa ikawaka.

Simiyu alikuwa ameshazikwa.

Na Barasa alikuwa ameshasema. Alisema kwa matanga, mbele ya mama ya Simiyu, ati nilikataa kuzima simu, ati ndiyo iliita radi. Nilipotuma salamu za pole, zilirudi. Mama Simiyu hataki kunisikia. Kwake hakuna simu tena mpaka leo.

Miaka imeenda hivyo, mimi nikiwa yule wa simu.

Juzi nikapita kwa bucha moja huku mtaa wa Tuwan. Barasa alikuwa hapo na wenzake. Akaninyooshea mfupa: "Huyu ndiye alichoma mpwa wangu." Watu wakanigeukia. Nikaondoka. Lakini asubuhi nikavaa koti, nikashika njia ya Bungoma.

Mama Simiyu nilimkuta uani akichambua maharagwe. Amezeeka. Akaniangalia mpaka akanijua.

"Umekuja na hiyo kitu?"

"Niko nayo, mama."

"Iache kwa ua."

Nikaiacha kwa ua, nikarudi nikakaa chini. Nikamweleza polepole vile nilisoma, na vile madaktari pia waliniambia. Kwamba simu ya mkono haiiti radi. Radi hupenda kitu kirefu kilichosimama, na sisi tulikuwa chini ya mti mrefu. Na kwamba simu ilikuwa imezimwa, mjomba mtu aliona kwa macho yake.

Vidole vyake vikaacha maharagwe.

"Wale wa ndani ya stoo hawakuguswa."

"Hawakuguswa, mama."

"Na nyinyi mlikuwa nje kwa sababu gani?"

"Barasa alifunga mlango."

Akasema, "Barasa nilimbeba mimi mgongoni. Mama yetu akienda shamba, mimi ndiye nilikuwa mamake. Sasa wewe unanitolea simu, unaniwekea ndugu yangu."

Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Yaliisha hapo.

Akauliza, "Mtoto wangu alilia?"

"Hapana mama. Mwanga hufika kwanza, ngurumo inafuata nyuma. Mimi nilikuwa kando yake na ile ngurumo mpaka leo siijui. Alikuwa anacheka, halafu kukawa kweupe."

Akarudi kwa maharagwe yake. Kisha akasema, "Jumapili Barasa huja hapa baada ya kanisa. Na wewe uje."

Nilienda. Barasa aliponiona akataka kugeuza. Mama Simiyu akamwambia, "Keti. Leo utaniambia, ile mlango ulifunga kwa nini?"

Barasa akaanza, "Dada, si hiyo simu..."

"Sijauliza simu."

Mtu mzima yule, nyapara wa watu, akaangalia viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa."

Mama Simiyu hakupiga kelele. Aliinuka akaingia nyumbani, akatuacha sisi wawili hapo uani. Barasa hakuniambia pole. Hata leo hajaniambia. Mimi pia sijamsamehe, na hapa sitajifanya.

Nilichojifunza ni hiki. Mvua ya radi ikija ingia nyumba au gari, usisimame chini ya mti, na ukiwa ndani na mtu yuko nje, fungua. Hata akiwa ameshika simu kumi.

Kama kuna mwingine humu alipigwa akapona, aniambie aliona rangi gani. Nimekaa nikijiuliza kama ni moja kwa wote.

Na watoto wa Barasa, najua mko hapa jukwaani. Msomeeni.